Uvimbe wa shingoni unaodunda: namna ya kuutambua, pa kukimbilia na jinsi unavyotibiwa

Jamani kabla sijaenda mbali, kama nyumbani saa hii kuna mtu ana uvimbe shingoni na mnajadiliana mumpeleke kwa jamaa wa duka la dawa ampasue usaha utoke, simameni kwanza. Weka vidole vitatu juu ya huo uvimbe, taratibu bila kukandamiza, tulia kama nusu dakika usikilize kwa vidole. Ukiona unadunda sambamba na mapigo ya moyo, hakuna wembe wala sindano ya kugusa hapo, hata kama panaonekana jipu kabisa, pekundu, pa moto, panauma.

Mi nafanya kazi wodi ya upasuaji huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, miaka imeenda sasa, na hii kitu si ya kila wiki, ni nadra kweli. Lakini mara ya kwanza kuiona ndo iliyonifanya niandike. Alikuwa kijana wa boda, miaka 30 na kidogo, jino la nyuma limeoza zamani, homa zinakuja zinaondoka wiki tatu, alafu shingo ikavimba chini ya taya upande wa kulia. Kliniki ya kwanza wakampa vidonge, vikaisha, wakampa vingine, uvimbe unakua tu, siku hiyo wakaamua kupasua. Wembe ulishafunguliwa. Sista wa hapo akachukua pamba ya spiriti kusafisha ngozi, akahisi pamba inarukaruka mkononi mwake. Akaiweka chini akasema huyu hatumkati, aende rufaa. Yule sista hakuwa na mashine yoyote ile, alikuwa na mkono wake tu na akili ya kuuliza kwa nini jipu linapiga kama moyo.

Sasa hii kitu ni nini. Kila upande wa koromeo kuna mshipa mkubwa unaopandisha damu kichwani, unaitwa karotidi. Ukifika karibu na juu ya koromeo unagawanyika mara mbili, tawi moja linaenda ubongoni, lingine usoni na kichwani kwa nje. We unaijua tyubu ya baiskeli iliyochakaa sehemu moja, ukijaza upepo inatoa kitumbo upande ule dhaifu, na ukiendelea kujaza inapasuka. Ndo hivo hivo. Ukuta wa mshipa ukidhoofika unatoa kitumbo, madaktari wanaita aneurisimu. Na kama aliyeula huo ukuta ni bakteria, basi ni aneurisimu yenye maambukizi, na hii ni mbaya kuliko ile ya kawaida sababu inakua haraka, siku au wiki si miaka, na ukuta wake wakati mwingine hata si ukuta tena, ni damu iliyoganda na nyama za jirani tu ndo zinazuia.

Kwenye karatasi ya hospitali unaweza ukakuta wameandika jina lenye neno mikotiki. Usichanganyikiwe. Jina hilo lilitolewa na daktari William Osler mwaka 1885 sababu alichokiona kilifanana na uyoga umeota kwenye mshipa, si kwamba ni fangasi. Nasema hivi coz nimewahi kuona ndugu wa mgonjwa amesoma hilo neno kwenye simu akaenda kununua dawa za fangasi akaanza kumpa mgonjwa kimya kimya. Mara nyingi ni bakteria: stafilokoki ndo anaongoza, kuna streptokoki, kuna salmonela, na huku kwetu lazima ukumbuke TB, sababu TB ya tezi za shingo inakaa jirani kabisa na karotidi na inaweza kuula ule mshipa kutokea nje.

Bakteria wanafikaje pale? Njia ni kadhaa. Wanaweza kutoka jirani, yaani jino bovu, tonsili zilizotunga usaha, jipu la ndani ya koo, tezi ya TB. Wanaweza kusafiri na damu kutoka mbali, hasa kwenye valvu ya moyo (yale malango ya damu ndani ya moyo) iliyoambukizwa, kipande kidogo kinachomoka kinaenda kukwama kwenye ukuta wa mshipa. Na hapa Uganda ugonjwa wa moyo wa rumatiki bado tunao mwingi, watoto na vijana ambao valvu zao ziliharibika baada ya maumivu ya koo ya utotoni, hao ndo wanapata hayo maambukizi ya valvu kirahisi. Alafu kuna kuchomwa: kisu, risasi, kijiti, sindano ya shingoni iliyokosea njia, wanaojidunga dawa za kulevya. Na wazee ambao mishipa ilishaganda mafuta, bakteria wakipita kwenye damu wanapata pa kushika.

HIV niitaje peke yake. Watu wenye HIV, hasa ambao hawajaanza dawa au waliacha, wanaweza kupata vitumbo vya mishipa wakiwa bado vijana, na karotidi ni moja ya sehemu zinazopendwa. Vingine havina bakteria ndani, ni ukuta wenyewe umevimba na kudhoofika, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Na mara nyingi haviji kimoja, kwaiyo ukikuta kimoja shingoni mwambie daktari aangalie na mapaja na tumbo.

Haya, namna ya kushika uvimbe. Mgonjwa akae, shingo isikunjwe. Weka kidole kimoja upande huu wa uvimbe na kingine upande wa pili. Tezi iliyokaa juu ya mshipa nayo inaweza kuruka, ila inanyanyua vidole vyote kwenda juu pamoja. Kitumbo cha mshipa kinatanuka, vidole vyako vinasukumwa kuachana, kila pigo vinaachana. Hiyo tofauti ndogo ndo kila kitu. Kama we ni mhudumu wa afya weka na stetoskopu usikilize, unaweza kusikia mvumo wa damu. Usisugue, usikande na mafuta ya moto, maana ndani kuna damu iliyoganda na kipande kikichomoka kinapanda ubongoni, mtu anapata kiharusi hapo hapo amekaa kwenye stuli. Na usibonyeze shingo pande zote mbili kwa pamoja, atazimia.

Lakini sikia hili pia: kutodunda hakukupi ruhusa ya kukata. Kitumbo kikijaa damu iliyoganda, au nyama za nje zikivimba sana, mdundo unapotea. Kwaiyo angalia na mengine. Sauti imekwaruza ghafla bila mafua, kumeza kunauma au kunakwama, ulimi ukitolewa unapinda upande mmoja, kope la jicho la upande huo limeshuka na mboni imekuwa ndogo kuliko ya pili, hayo yote ni mishipa ya fahamu inayopita jirani inabanwa. Uvimbe umekua haraka, homa haisikii dawa, mwili unaisha. Au mkono mmoja ulilegea dakika kumi alafu ukarudi sawa, mkasema ni uchovu. Na ile inayonitisha mimi kuliko zote, damu kidogo kutoka mdomoni, puani au sikioni, inatoka kijiko, inakata yenyewe, watu wanashukuru Mungu wanalala. Hiyo ni damu ya onyo. Inayofuata inaweza isikate. Siku hiyo hiyo mtu awe hospitali, hata kama ni usiku, hata kama mnauza mbuzi.

Kwa watoto inajificha. Uvimbe unaweza usionekane nje kabisa, unasukuma tonsili kutokea ndani, mtoto anatoa udenda, hataki kumeza, shingo kaikaza upande mmoja. Anaonekana ana jipu la koo na wengi kweli ni jipu la koo. Ila kama alishatema damu, au mnaona koo ndani linadunda, msikubali ndani ya koo pachomwe kabla ya picha. Na kama kwenu kuna mzee wa kukata kimeo, huyu mtoto asifikishwe kwake. Vilevile kuchanja uvimbe kwa wembe na kupaka dawa ya majani, mnisamehe wazee wangu nawaheshimu, lakini juu ya mshipa huu chale moja inatosha kumaliza mtu.

Ikitokea imepasuka, damu inaruka, fanya hivi: kitambaa safi kama kipo, kama hakipo kiganja chako tu, bonyeza moja kwa moja pale inapotoka, bonyeza kwa nguvu na USIACHIE. Usifungue kuangalia kama imekata. Usifunge kamba kuzunguka shingo. Mlaze, mwingine atafute gari, boda haifai hapa sababu aliyebonyeza lazima aende naye amebonyeza mpaka mlango wa thieta, chumba cha upasuaji. Piga simu hospitali mkiwa njiani waandae damu.

Kama haijapasuka, swali ni kwenda wapi. Helsenta 2 na 3, vile vituo vya afya vya ngazi ya chini, zitakuandikia rufaa, chukua hiyo barua lakini usikae hapo kusubiri siku mbili za dripu. Helsenta 4 ina thieta lakini hii si kazi yake. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu ni Arua, wengine mna Gulu, Lira, Soroti, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara, Fort Portal, wapo. Na mjue mapema kwamba huenda mkasogezwa Kampala, hospitali ya Mulago, ambapo kuna madaktari wa mishipa na pale pale ndo ilipo Uganda Heart Institute kwa mambo ya moyo. Mkifika mapokezi msiseme tu ana jipu, coz mtapangwa foleni ya majipu. Semeni hivi: uvimbe unadunda, tunaomba altrasaundi ya mishipa kabla mtu hajapasua. Sentensi hiyo moja, mrudie kwa kila daktari mpya wa zamu. Beba na maganda ya dawa zote alizokunywa, hata zile za mtaani, na kama yuko kwenye ARV au dawa za TB sema, hapa si mahali pa aibu.

Vipimo sasa. Altrasaundi ya dopla ndo ya kwanza, haiumi, ipo sehemu nyingi, inaonyesha damu inavyozunguka ndani ya kitumbo kwa rangi nyekundu na bluu zinazokimbizana. Inayofuata ni siti skani ya mishipa, wanachoma dawa ya rangi mkononi alafu picha inaonyesha kitumbo kimekaa wapi, kimegusa tawi lipi, kimepanda karibu na fuvu au la, na daktari wa upasuaji bila hii picha anaingia gizani. Kabla ya hiyo dawa ya rangi watapima figo, na mseme kama aliwahi kudhurika na dawa ya skani. Alafu damu ya kuotesha maabara, hii naipigia kelele sana: itolewe mara mbili au tatu sehemu tofauti za mwili, na itolewe KABLA antibayotiki ya kwanza ya dripu haijaingia, labda kama mgonjwa yuko hoi kabisa hapo dawa haisubiri. Sababu ukishaanza dawa wadudu hawaoti, na mtabaki mnatibu kwa kubahatisha wiki sita nzima. Atapimwa HIV, kaswende, TB, na moyo kwa eko, yaani altrasaundi ya moyo, kuangalia valvu. Msishangae shingo inauma wao wanapima moyo, chanzo kinaweza kuwa huko.

Matibabu yana miguu miwili na ukikata mmoja anaanguka. Dawa peke yake mara nyingi haitoshi maana kitumbo hakirudi ndani, na kisu peke yake hakitoshi maana wadudu wanabaki kwenye nyama na wanaula mshono mpya. Antibayotiki zinaanza kwa mshipa, mwanzoni za kuua wengi kwa pamoja, kwa mfano vankomaisini na seftriaksoni pamoja, alafu majibu ya maabara yakija wanabadilisha kulenga mdudu aliyepatikana. Muda wake kwa kawaida ni kama wiki 6, wengine wanaongezewa vidonge miezi baada ya hapo. Ikiwa ni TB ni dawa za TB, miezi 6 au zaidi. Najua wiki 6 za sindano ni kazi, shamba linakusubiri, watoto wako peke yao. Kama hali imetulia ulizia kama dozi zilizobaki anaweza kumalizia helsenta ya karibu na nyumbani, waandike kila kitu kwenye karatasi: jina la dawa, kipimo, saa, tarehe ya mwisho. Na ile sindano ya plastiki mkononi iangalieni kila siku, pakiwa pekundu au pakivimba itolewe iwekwe upande mwingine, maana ndo mlango mwingine wa bakteria.

Upasuaji wenyewe niueleze ili mkiletewa karatasi ya kusaini mjue mnasaini nini. Wanafungua shingo, kwanza wanaushika mshipa chini ya kitumbo na juu yake wanapoona uko mzima, hapo ndo wanakigusa kitumbo. Wanakata sehemu iliyooza yote, wanasafisha, wanachukua vipande kupeleka maabara. Alafu pengo linazibwa kwa mshipa wa mgonjwa mwenyewe, kawaida ule mrefu wa ndani ya mguu, kwaiyo mkiona wananyoa paja msidhani wamekosea mgonjwa. Bomba la kutengenezwa kiwandani wanalikwepa mahali penye usaha, coz bakteria wanaling'ang'ania na dawa haiwatoi. Juu yake wanafunika na msuli wa shingo kuulinda.

Kuna wakati haiwezekani kuunga, damu inamwagika au kila kitu kimeoza, basi wanaufunga kabisa. Hii ndo njia ya kale, Astley Cooper wa London aliifanya kwa aneurisimu ya karotidi mwaka 1805 mgonjwa akafa, akarudia 1808 mgonjwa wa pili akapona. Kwa nini mwingine anapona mwingine anapata kiharusi? Chini ya ubongo kuna mishipa iliyoungana kama duara, inaitwa duara la Willis, inayoweza kuvusha damu kutoka upande wa pili. Wengine duara lao limekamilika, wengine lina pengo na hawajui. Kukiwa na nafasi madaktari wanapima kwanza kama upande wa pili utabeba, kwaiyo muulize daktari swali hili wazi, mkifunga huu mshipa mna uhakika gani na ubongo wake? Kitumbo kikiwa kwenye lile tawi la usoni tu, kulifunga hakuna shida kubwa, uso unalishwa na mishipa mingi.

Njia ya tatu ni stenti iliyofunikwa, bomba dogo linapitishwa kutokea pajani mpaka shingoni likae ndani ya mshipa, damu ipite ndani yake isiingie kwenye kitumbo. Inaokoa mtu anayevuja damu na asiyeweza kuvumilia upasuaji, au kitumbo kikiwa juu sana karibu na fuvu ambapo kisu hakifiki vizuri. Ila ni chuma umekiacha kwenye usaha, maoni yangu ichukuliwe kama daraja la kuvukia dharura, na anayewekewa ajue antibayotiki zake ni za muda mrefu sana na skani za kurudi ni lazima.

Damu. Ndugu wajiandae kuchangia mapema, msisubiri mpaka wameingia thieta mnaanza kupigiana simu. Huduma kwenye hospitali ya serikali ni bure tangu 2001 lakini sote tunajua siku ambayo dawa imeisha stoo na unaandikiwa ukanunue nje, kwaiyo ukoo mkae kikao siku ya kwanza, mchange, mpange na nani analala na mgonjwa. Si mtu mmoja wiki sita, atavunjika.

Baada ya thieta, siku mbili tatu za kwanza aliyekaa kitandani ndo mlinzi. Shingo ikianza kujaa upande wa mshono, anapumua kwa shida, usisubiri sista apite, piga kelele, kuna damu inakusanyika ndani inabana njia ya hewa. Mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki sawa, hivo hivo piga kelele. Sauti ya kukwaruza na ulimi kupinda ni tofauti, vinaweza kutokea mishipa ya fahamu ikiguswa na vingi vinarudi taratibu kwa miezi, si vyote. Presha idhibitiwe. Mpeni vyakula laini, na kama anakohoa kila akinywa maji mwambieni daktari kabla hajaendelea, maji yanaingia mapafuni.

Akiruhusiwa, jino lile bovu liondolewe, na afanye hivo akiwa amemweleza daktari wa meno historia yake yote. Kama eko ilionyesha moyo wa rumatiki, ile penisilini ya kila wiki 4 asikose hata moja. Mwenye HIV aendelee na ARV zake. Altrasaundi ya shingo arudie kwa ratiba atakayopewa, miezi ya mwanzo karibu karibu alafu inaachana, sababu pale palipoungwa panaweza kutoa kitumbo kingine au kuziba. Homa yoyote mpya ndani ya mwaka ule isitibiwe kama malaria tu bila kipimo, aseme nilifanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo.

Kijana wetu alienda Kampala siku ileile na barua ya rufaa, akaungwa kwa mshipa wa mguu wake, akamalizia sindano huku kwetu kila asubuhi, anakuja na boda ya rafiki yake. Sauti ilimchukua karibu miezi mitano kurudi. Siku moja alipita wodini na mkungu wa ndizi akauliza yule sista aliyeshika pamba yuko kliniki gani siku hizi, nikamwelekeza.